Macho Yasiyokutana Baada ya Mtikisiko wa Ubongo: Jinsi ya Kuyapima na Kuyazoeza

Mtu ameanguka na bodaboda, kapigwa picha ya kichwa na haikuonyesha damu, na kwenye chati ya macho anasoma hadi mstari wa chini kabisa. Anaambiwa yuko mzima. Lakini akifungua kitabu, baada ya dakika kumi mistari inapandana, paji la uso linauma, na akiinua kichwa kutazama mbali kila kitu kina ukungu kwa sekunde kadhaa. Wengine hawawezi hata kupita kwenye soko la Majengo hapa Dodoma bila kichefuchefu.

Tatizo hilo ni la kweli, na chati peke yake haiwezi kulikamata. Chati ile hupima jicho moja moja, kwa mbali. Kilichovurugika ni kazi ya macho mawili kwa pamoja: kuelekea ndani kwa kiasi kilekile yanapotazama kitu cha karibu, kubadilisha umakini kutoka karibu kwenda mbali, na kutulia kwenye kitu wakati kichwa kinageuka. Misuli ya macho kwa kawaida haina kasoro. Ni ubongo unaoipa amri ambao umetikiswa.

Kabla ya zoezi lolote

Kama unaona vitu viwili viwili, ziba jicho moja, kisha lingine. Kama uwili unaondoka kila unapoziba jicho lolote kati ya hayo mawili, macho hayaelekei mahali pamoja. Ukibaki hata jicho moja likiwa limezibwa, kasoro iko ndani ya jicho lenyewe, mara nyingi kwenye kioo cha mbele au lenzi, na mazoezi haya hayatakusaidia.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mboni moja imepanuka kuliko nyingine, kope limeanguka, uwili umeanza ghafla na hauondoki, maumivu ya kichwa yanazidi, unatapika mara kwa mara, una degedege, usingizi mzito, ulimi mzito au mkono kulegea. Uwili unaozidi unapotazama pembeni kwa mbali, au picha moja kukaa juu ya nyingine hasa unaposhuka ngazi, huashiria mshipa wa fahamu wa jicho umeumia. Huo nao ni wa daktari. Usiuzoeze nyumbani kwa kubahatisha.

Saa 24 hadi 48 za mwanzo ni za kupumzika: simu kidogo, kutembea taratibu ndani ya nyumba, bila mazoezi ya macho. Wengi hurudi sawa wenyewe ndani ya wiki chache. Wanaohitaji mwongozo huu ni wale ambao wiki zimepita na kusoma bado ni mateso, nao waonwe kwanza na mtaalamu.

Pima kwa rula

Unahitaji rula ya sentimita 30, kalamu ya biki, na mtu wa kukutazama. Andika herufi moja ndogo, ukubwa wa maandishi ya gazeti, kwenye kipande cha karatasi na ukigundishe kwenye ncha ya kalamu. Sifuri ya rula ikae katikati ya macho, juu ya pua. Mwenye umri zaidi ya miaka 40 avae miwani yake ya kusomea.

Leta kalamu kuelekea puani polepole, kama sentimita moja au mbili kwa sekunde. Herufi ikigawanyika kuwa mbili, soma rula. Kuwa na ukungu hakuhesabiki. Kinachohesabiki ni uwili. Kisha irudishe nyuma hadi iwe moja tena, usome tena. Msaidizi naye aangalie macho: mara nyingi jicho moja hukimbilia nje kabla mwenyewe hajasema lolote. Jicho likikimbia na mgonjwa akasisitiza kwamba anaona herufi moja tu, ubongo wake umeanza kulipuuza jicho hilo. Andika hilo pia.

Rudia mara tatu mfululizo, na uandike namba zote tatu, usiandike wastani tu. Macho yenye nguvu hukutana hadi sentimita 6 au karibu zaidi kila mara. Baada ya mtikisiko unaweza kukuta, kwa mfano, 6, kisha 9, kisha 13, na kule kuchoka ndiko kunakoeleza kwa nini mtu anasoma vizuri ukurasa wa kwanza na kushindwa ukurasa wa tatu.

Uzi na shanga

Kati ya mazoezi ya nyumbani, hili ndilo tunalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu linakuonyesha kosa lako papo hapo. Chukua uzi mweupe wa kufumia wa mita 3 na shanga tatu za mbao za rangi tofauti, zenye tundu linalobana uzi kiasi. Funga ncha moja kwenye grili ya dirisha kwa usawa wa macho ukiwa umekaa, na ncha nyingine uishike kwenye ncha ya pua, uzi ukaze. Shanga ya kwanza ikae sentimita 40 kutoka puani, ya pili mita moja na nusu, ya tatu karibu na dirisha.

Tazama shanga ya katikati. Macho yakifanya kazi pamoja, utaona nyuzi mbili zinazokatana kama herufi X, na makutano yake yako ndani ya shanga yenyewe. Shanga ya karibu na ya mbali kila moja itaonekana mbili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, usiogope.

Sasa soma makosa. Nyuzi zikikatana nyuma ya shanga, macho yanalenga mbali kuliko inavyopasa. Hili ndilo kosa la kawaida la mwenye tatizo hili. Jaribu kuhisi kama unavuta macho ndani hadi makutano yasogee kwenye shanga. Zikikatana mbele yake, umevuta kupita kiasi, legeza. Ukiona uzi mmoja tu, jicho moja limepuuzwa: pepesa haraka, au mwambie msaidizi autikise uzi kidogo, mara nyingi wa pili hurudi. Ukikazana kutazama bila uzi wa pili kurudi, unalizoeza jicho moja tu.

Kaa kwenye kila shanga kwa hesabu ya tano, toka ya mbali hadi ya karibu na kurudi. Mizunguko mitano, mara mbili kwa siku, inatosha kuanzia. Ukiweza kushika X kwenye shanga ya karibu mizunguko yote, isogeze sentimita 2 kuelekea puani. Lengo ni kufika sentimita 10.

Zoezi la kalamu, lile la kuileta puani na kuirudisha, ni rahisi zaidi lakini watu hulifanya vibaya. Weka kalenda ukutani nyuma ya kalamu. Ukitazama kalamu, kalenda lazima ionekane mbili. Ikiwa moja, jicho moja limeacha kazi. Dakika 2 au 3 kwa mara, si zaidi, kwa wiki ya kwanza.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, kwa watoto 221 wenye macho yasiyokutana, ingawa tatizo lao halikutokana na kuumia kichwa. Baada ya wiki 12, waliofundishwa kliniki na kuongezewa kazi ya nyumbani walifanikiwa kwa asilimia 73. Waliopewa kalamu ya nyumbani peke yake, asilimia 43. Fanya nyumbani, lakini tafuta wa kukusimamia.

Kiasi gani ni kingi mno

Kabla ya kuanza, jipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Maliza, jipe tena. Dalili zikipanda kwa alama moja au mbili na kutulia ndani ya saa moja, uko sawa. Zikipanda zaidi, au zikidumu hadi jioni, punguza muda kwa nusu kesho yake. Usiache kabisa. Wanaojikaza siku mbili kisha kulala siku tano ndio wanaokaa na tatizo kwa miezi.

Kichwa kinapogeuka

Bandika herufi ukutani, mita moja mbele yako. Ukiwa umekaa, geuza kichwa kulia na kushoto kama anayekataa, pembe ndogo tu, huku herufi ikibaki imetulia na kusomeka. Sekunde 30, kisha juu na chini sekunde 30. Ikianza kurukaruka, punguza mwendo. Ukizoea, fanya ukiwa umesimama, halafu tundika kitenge chenye maua mengi nyuma ya herufi. Hapo ndipo utakapojiandaa kwa soko, stendi na dirisha la treni ya SGR. Shingo ikiuma tangu ajali, ichunguzwe kwanza.

Miwani, jua na vumbi

Usinunue miwani ya kusomea ya mtaani kwa ajili ya tatizo hili. Herufi hukua, lakini lenzi ile hulegeza juhudi ya kulenga karibu, na juhudi hiyo ndiyo inayosaidia kuvuta macho ndani, hivyo uwili unaweza kuongezeka. Mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho na miwani, anaweza kukupa kwa muda lenzi za kusomea zenye prizimu, yaani zinazopindisha mwanga ili macho yasilazimike kuvutwa ndani sana. Ni msaada halali, hasa kwa mwenye kazi ya ofisi.

Jua la mchana la Dodoma linahitaji kofia yenye ukingo na miwani ya jua. Ukiingia ndani ivue, kwa sababu kukaa na giza huzidisha kuogopa mwanga. Kuanzia Juni hadi Oktoba kuna upepo na vumbi, na jicho kavu nalo huleta ukungu. Litofautishe hivi: ukipepesa mara tatu na ukungu ukaondoka, ni ukavu. Na mwenye kuona viwili asiendeshe pikipiki, hata akiziba jicho, maana makadirio ya umbali hupungua.

Pima kwa rula mara moja kwa wiki. Wiki nne za mazoezi zikipita bila sentimita kupungua, rudi hospitali na daftari lako. Kwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, hospitali ya rufaa ya mkoa, au idara ya macho ya hospitali ya Mvumi ni pa kuanzia. Ukifika sema wazi kwamba unaomba macho yapimwe yote mawili kwa pamoja, kwa karibu, maana usipotamka hivyo unaweza kurudishwa kwenye chati.

Kwa mwanafunzi, mzazi aongee na mwalimu mapema: mtoto akae mbele katikati, apewe maandishi tayari badala ya kunakili ubaoni, na apumzishe macho dakika mbili kila baada ya dakika 15 za kusoma. Kunakili ubaoni ndiko kunakochosha kuliko yote, kwa kuwa kila neno linadai macho yatoke mbali, yarudi karibu, na yakutane upya.