Jinsi ya Kufuata Nyayo za Sungura Kwenye Theluji

Mchana sungura hujificha vizuri kiasi kwamba unaweza kumpita hatua tatu usimwone. Theluji, hata hivyo, hutunza kumbukumbu ya alikopita usiku kucha, na anayejua kuisoma humkuta bila kuhangaika.

Hatua ya 1: Chagua asubuhi inayofaa. Theluji bora ni ile laini ya sentimita chache iliyoacha kuanguka jioni, kwa sababu sungura hutoka kula zaidi kati ya machweo na alfajiri, na hivyo kila alama utakayoikuta juu yake itakuwa ya usiku huohuo. Theluji ikiwa na kina kirefu, nyayo hugeuka mashimo yasiyo na umbo. Ikiwa imeganda juu, mnyama mwepesi hupita bila kuacha kitu. Toka jua lingali chini, na simama mahali ambapo nyayo ziko kati yako na jua, ili vivuli vyake vionekane.

Hatua ya 2: Soma kundi la nyayo nne. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Sungura huenda kwa kuruka: miguu ya mbele, iliyo midogo, hutua kwanza, kwa kawaida mmoja nyuma ya mwingine, kisha miguu mirefu ya nyuma huipita kwa nje na kutua mbele yake, ikiwa sambamba. Maana yake ni kwamba nyayo mbili kubwa ndizo zilizo upande anakoelekea, ingawa jicho lisilozoea hudhani kinyume na kumpeleka mtu alikotoka mnyama. Inama uangalie unyayo mmoja kwa karibu. Kwa kuwa nyayo za sungura zimefunikwa manyoya, hutaona alama safi za vidole kama za paka, bali kingo zilizofifia na pengine vitobo vidogo vya kucha. Kindi naye huacha nyayo nne, lakini miguu yake ya mbele hutua ikiwa sambamba, na njia yake huishia kwenye shina la mti.

Hatua ya 3: Pima mwendo wake. Makundi yaliyokaribiana yanaonyesha kwamba alikuwa akila bila wasiwasi. Yakitengana kwa mita mbili au zaidi, alikuwa akikimbia, na inafaa kutafuta nyayo za kilichomtisha. Alipokula utakuta vijiti vilivyokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, tofauti na vile vya kulungu, ambaye hana meno ya juu ya mbele na hivyo huacha ncha zilizochanika. Utaona pia vinyesi vya mviringo na mikojo ya rangi ya chungwa au nyekundu, ambayo si damu. Rangi hiyo hutokana na mimea aliyokula.

Hatua ya 4: Kadiria umri wa nyayo. Gusa ukingo kwa kidole. Ukiporomoka kwa urahisi, alama ni mpya. Theluji iliyokanyagwa hugandamana na kuwa ngumu kadiri saa zinavyopita. Jua nalo huyeyusha kingo na kuupanua unyayo, basi usitangaze sungura mkubwa kabla ya kuangalia nyayo zilizo kivulini.

Hatua ya 5: Fuata ukiwa pembeni. Usikanyage njia yenyewe, maana huenda ukahitaji kurudi kuisoma upya. Nyayo zikikatika ghafla, rudi nyuma ukikagua pande zote mbili, kwa kuwa sungura wengine hurudi juu ya nyayo zao kisha huruka kando kabla ya kulala. Karibu na vichaka vizito au miti iliyoanguka, punguza mwendo, simama mara kwa mara, na utafute jicho jeusi badala ya mwili mzima. Akitimka, usimkimbize: anahitaji nguvu zake kuukabili baridi. Tena, sungura hupenda kuzunguka ndani ya eneo lake, na ukitulia palepale kwa muda unaweza kumwona akirejea.