Somo: Kukata kwato za mbuzi wa maziwa bila purukushani

Mbuzi wa kienyeji anayeshinda mlimani husaga kwato zake mwenyewe kwenye mawe. Mbuzi wako wa maziwa, kama Saanen au Toggenburg, anayekaa kwenye banda lililoinuliwa na kuletewa majani, hana pa kuzisagia. Zinarefuka, zinajikunja chini ya wayo na kushika samadi. Baadaye anatembelea visigino, anachoka kusimama kwenye hori, anakula kidogo na maziwa yanashuka. Ukimkuta anakula akiwa amepiga magoti ya mbele, tazama kwato kabla hujafikiria kitu kingine.

Kwa mbuzi wa ndani, zipitie kila baada ya wiki 6 hadi 8. Purukushani nyingi ninazoziona zinatokana na watu kungoja hadi kazi iwe kubwa.

Vifaa: mkasi wa kupogolea miti, brashi ngumu, tupa, ayodini, kitambaa safi na pumba kidogo. Mkasi uwe mkali. Mkasi butu hubana badala ya kukata, na mbuzi aliyebanwa leo hatakupa mguu kesho. Kiangazi ukwato huwa mgumu sana, kwa hiyo mloweshe miguu kwanza au fanya kazi asubuhi akitoka kwenye majani yenye umande.

1. Mfunge kwa kamba fupi usawa wa kichwa, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba ndefu humpa nafasi ya kuruka na kujinyonga. Ubavu mmoja uegemee ukuta, pumba ziwe mbele yake. Kama una jukwaa la kukamulia, litumie, maana amelizoea. Usimkalishe kitako kama kondoo. Mbuzi huogopa sana hali hiyo.

2. Usiuvamie mguu. Weka kiganja mgongoni, kiteremshe taratibu hadi chini ili ajue unakokwenda. Mguu wa mbele ukunje goti, ukwato urudi nyuma chini ya tumbo. Wa nyuma uvute moja kwa moja kuelekea nyuma, usiupanue kwenda nje, kwa sababu nyonga haikuumbwa hivyo na maumivu ndiyo yanayomfanya apige teke. Uinue kidogo tu, aweze kusimama sawa kwa mitatu. Akirusha, usiukaze na usiuachie: fuatana nao mpaka utulie, halafu ndipo umpumzishe. Ukiuachia katikati ya teke, umemfundisha kwamba teke linafanya kazi. Hatua hii ndiyo somo lenyewe. Ukiiweza, zilizobaki ni za mkono tu.

3. Toa samadi yote kwa brashi, hasa katikati ya kwato mbili.

4. Utaona ukuta mgumu wa pembeni umejikunja juu ya wayo. Ukate mpaka ulingane na wayo, kisha punguza ncha. Shika mkasi ukielekea mbali na mkono wako.

5. Kisigino kikiwa kimepanda, kipunguze kwa vipande vyembamba. Wayo mweupe bado una nafasi. Rangi ya waridi ikianza kuonekana, simama hapo hapo, damu iko karibu.

6. Sawazisha kwa tupa, ushushe mguu, mtazame akiwa amesimama. Chini ya ukwato pawe sambamba na mstari wa manyoya juu yake. Kwato za mwanambuzi wa siku chache ndiyo picha ya kulenga.

Safisha mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda kwa mbuzi mwingine.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mwalimu. Nimekata, damu imetoka. Nifanyeje?

Marahaba. Bana kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kuchungulia, kisha paka ayodini. Mweke pakavu pasipo na samadi. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu kinga ya pepopunda, kwani kidonda cha mguuni ni mlango wake.

Jike wangu ana mimba ya miezi 4. Nimkate?

Mimba ya mbuzi ni miezi 5, kwa hiyo amebakiza mmoja. Kama zinaweza kungoja, ngoja azae. Kama anachechemea, mkate akiwa amesimama, miguu miwili leo na miwili kesho, bila kumkimbiza.

Kaka, wangu kwato zimejikunja kabisa, alinunuliwa hivyo. Naweza kumaliza siku moja?

Hapana, dada. Ukwato ukirefuka, nyama na mishipa ya ndani huusogelea. Punguza ncha, rudia baada ya wiki moja au mbili, mpaka umbo lirudi.

Katikati ya kwato pananuka vibaya na panatoa utando. Ni uchafu tu?

Hiyo ni dalili ya kuoza kwato, na huambukiza, zaidi msimu wa mvua. Mtenge. Kata sehemu iliyolegea, choma vipande. Changanya gramu 500 za mrututu (salfeti ya shaba) katika lita 10 za maji kwenye beseni la plastiki, si la chuma, maana mrututu unakula chuma. Asimame humo dakika 5, kisha akauke kwenye sakafu kavu. Asiyanywe hayo maji, na kama unafuga kondoo pia wasiyakaribie kabisa, shaba ni sumu kali kwao. Akiendelea kuchechemea baada ya siku chache, mwite daktari wa mifugo. Huenda anahitaji sindano.