Kagua nafasi za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kabla ya kulipia

Kwa kompyuta ya nyumbani ambayo mashine imo ndani ya skrini, mwambie muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory, utazame "Slots used". Ikiandika 1 of 2, yaani nafasi moja bado iko wazi, chukua: GB 8 za leo utaziongezea 8 nyingine watoto wakianza kuilemea. Ukikuta kwenye "Form factor" pameandikwa "Row of chips" badala ya SODIMM (kipande cha RAM kinachochomoka), RAM imelehemiwa kwenye bodi na haibadilishwi, hivyo dai GB 16 tangu mwanzo. Njia hii ni ya Windows tu, tena haikuonyeshi kama kifuniko cha nyuma kimegundishwa. Hilo muulize fundi. Na kwa umeme wetu wa Kampala, tenga hela ya UPS (betri ya akiba ya kuishikilia mashine umeme ukikatika): mashine hizi hazina betri.