Siku ya Kutazama Ndege Amani, Mawingu Yakishuka na Kupanda

Msitu wa Amani, ulio katika Milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, hauna mwezi ambao mwenyeji atakuahidi kuwa hautalowa. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo, ukapanda na kupoa, na unyevu wake ukageuka mawingu, kiasi kwamba mvua hunyesha hata nje ya masika na vuli. Asubuhi moja yaweza kuwa na jua, ukungu, manyunyu na jua tena kabla ya saa nne. Kwa sababu hiyo anayekwenda kutazama ndege huko ni afadhali apange siku yake kwa kufuata mawingu kuliko kufuata saa, na mwongoza wageni anayestahili malipo yake ni yule anayejua kuyasoma.

Zungumza na mwongozaji huyo jioni ya siku iliyotangulia. Mweleze ni ndege gani hasa unaowatafuta, kwa maana anayetaka kumwona chozi wa Amani, ambaye hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, hapelekwi pale anapopelekwa anayetafuta bundi. Kubalianeni pia, mapema na kwa uwazi, kwamba mvua ikinyesha safari itasogezwa mbele wala haitavunjwa, na kwamba saa za kungoja zimo ndani ya malipo. Nimewahi kumwona mgeni akigombana na mwongozaji kibarazani kwa sababu jambo hili halikusemwa, na wakati wao wakibishana mvua ilikuwa imekwisha kukatika.

Kwa vifaa, darubini inayokuza mara 8 yenye lenzi za mbele za milimita 42 inafaa zaidi kuliko ile ya mara 10 yenye lenzi za upana huohuo, kwa kuwa hufikisha mwanga mwingi zaidi jichoni, na chini ya miti mikubwa siku ya mawingu mwanga ndio unaokosekana. Ukifika kwa gari lenye kiyoyozi, kizime mapema na ufungue madirisha, kwani darubini iliyopoa ikitolewa ghafla kwenye hewa yenye joto na unyevu lenzi zake hufunikwa na mvuke, na utabaki ukizifuta huku ndege akienda zake. Beba kitambaa safi ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu shati lililolowa jasho na vumbi huikwaruza lenzi. Andika kwa penseli, maana wino huchujuka. Mimi huchagua mwavuli wa rangi iliyokolea badala ya koti la mvua: kofia ya koti huziba masikio na kitambaa chake huchakarisha kila unapogeuka, na katika msitu huu sikio hufanya kazi kubwa kuliko jicho.

Anzeni Zigi saa kumi na mbili asubuhi. Lango la Zigi liko takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani yenyewe iko karibu mita 900, kwa hiyo mara nyingi huku juu kukiwa kumefunikwa, bondeni bado kunaonekana. Tembeeni polepole kando ya mto, kisha mpande kadiri mawingu yanavyopanda. Ukungu ukiwakuta njiani, msiendelee kutembea. Simameni na msikilize. Hondohondo wakipita juu ya miti utasikia mabawa yao yakivuma kwa nguvu, hata kama huoni chochote ila weupe, na mwongozaji mzuri atakuonyesha kwa kidole uelekeo wao ili ukungu ukipasuka uwe tayari unatazama mahali panapofaa.

Mvua kubwa ikianza, tafuteni paa. Miti mikongwe huangusha matawi mazito ikilowa, na penye radi haifai kabisa kujikinga chini yake. Tumieni muda huo kupitia maandishi yenu na kunywa chai.

Ila msikae hadi matone yote yaishe. Toka nje mvua inapokuwa rasharasha tu, kwa kuwa nusu saa inayofuata ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wadudu huanza kuruka, na ndege waliokuwa wamejikunyata kwa njaa hutoka pamoja. Tafuta mahali msitu unapopakana na uwazi, kama ukingo wa shamba la chai, na usiondoke. Penye kichuguu kilicholowa waweza kuwakuta kumbikumbi wakitoka shimoni mmoja mmoja, wakitingisha mabawa kabla ya kupaa. Shore huwadaka wakiwa bado chini, mramba huchomoka tawini na kurudi palepale na mawindo mdomoni, na juu zaidi mbayuwayu hukatakata anga. Baada ya mvua kulukulu naye hupanda tawi lililo wazi ili akauke, na akiruka mabawa yake hufunguka yakawa mekundu.

Alasiri ibakizeni kwa ajili ya bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani pamoja na kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Kwenye mitambazi iliyosongamana pembezoni hupatikana ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, ambaye mbali na Usambara Mashariki anajulikana tu katika nyanda za Njesi nchini Msumbiji. Jina lake linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefanya kazi hapohapo Amani. Haonekani kwa urahisi, na kishawishi cha kumwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu ni kikubwa. Mwongozaji akikataa, usimshurutishe, kwani ndege anayeitwa kila siku huacha kiota na chakula akihangaika kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Bundi aliyelala mchana naye atazamwe kwa mbali, bila mwako wa kamera.

Mkirejea, usiifungie darubini mkobani. Ifute, iache wazi chumbani usiku kucha penye hewa, na vifuniko vyake uvianike kando, kwa maana unyevu ukikaa ndani huzaa ukungu wa kuvu juu ya lenzi, nao hautoki kwa kitambaa.