Kumwandalia simu mzazi anayesahau

Kabla ya kugusa simu, mpelekeni hospitali. Kusahau si lazima kuwe uzee: upungufu wa vitamini B12, sonona na hata baadhi ya dawa huvuruga kumbukumbu, na hayo yanatibika. Daktari akishathibitisha ni dimensia, yaani kumbukumbu na uwezo wa kufikiri unaozidi kudhoofika kwa ugonjwa wa ubongo, fuata somo hili.

Hatua ya 1. Usimbadilishie simu. Kujifunza jambo jipya ndiko kunakomshinda mapema; mazoea ya miaka mingi hudumu zaidi. Kama vidole vimezoea kitochi, abaki nacho.

Hatua ya 2. Ingia kwenye mipangilio, weka namba yako kwenye kitufe cha 2 na ya jirani kwenye 3. Akibonyeza 2 bila kuachia, unaitwa. Bandika karatasi nyuma ya simu: "2 Mwanangu, 3 Jirani."

Hatua ya 3. Dawa. Hapa ndipo wengi hukwama. Kengele inalia, mzee anaizima na kuendelea na yake, kwani mlio mtupu haumwambii kitu. Tafuta simu janja kuukuu, hata yenye kioo kilichopasuka, ikae kwenye chaji chumbani. Jirekodi: "Shikamoo mama. Ni saa mbili asubuhi, meza kidonge cha presha, kipo kwenye kikopo cha bluu mezani." Kisha chagua sauti hiyo iwe mlio wa kengele. Taja saa ya Kiswahili, maana kioo kitaandika 08:00 na kumchanganya. Jioni mtu ahesabu vidonge. Kengele haijui kama amemeza.

Hatua ya 4. Pesa. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humnasa kirahisi asiyekumbuka kama anadaiwa. Kubalianeni naye mapema, angali anaelewa, simuni abakize kiasi kidogo tu.

MASWALI

Baba hutoka usiku na kupotea. Kuna kifaa?

Simu janja yenye bando na chaji huonyesha alipo kupitia Google Maps, ila akiisahau nyumbani itakuonyesha nyumba. Shona namba yako ndani ya kola ya shati, na uwaeleze bodaboda wa kijiweni.

Bibi ananipigia mchana kutwa akiuliza jambo lile lile. Nifute namba yangu?

Usifute, tafadhali. Kwake kila simu ni ya kwanza. Gawaneni zamu na ndugu zako, na kitufe cha 2 kiwe cha yule anayeweza kupokea mchana.