Unaanza ndege za vita? Chukua Hurricane

Wanangu wa Kirumba mnaocheza usiku wa manane bando likiwa poa: ukianza michezo ya ndege za vita za mtandaoni, usikimbilie Bf 109, ile ya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Magurudumu yake yamebanana, ikigusa ardhi inayumba kama bajaji kwenye mawe. Chukua Hurricane ya Waingereza. Haina mbio sana, ila magurudumu yamepanuka, inakata kona vizuri, na toleo la kwanza, Mk I, lina bunduki 8 kwenye mabawa.

Kasoro yake: ukisukuma usukani mbele ghafla, injini ya Merlin inakohoa, maana kabureta inakosa mafuta. Adui akipiga mbizi, pindua ndege tumbo juu kwanza, ndipo uvute usukani, mafuta yasikatike. Mimi nililijua hilo baada ya kuangukia baharini mara tatu, bando limeisha.