Mwasumini wa uani: kupanda, kukata na kuchuma

Mwasumini uliojaa majani mabichi yanayong'aa bila hata ua moja ni jambo la kawaida katika nyua za pwani. Mwenyewe huongeza maji, huongeza mbolea, na majani huzidi. Kumbe mti unangoja mkasi. Asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga, na tawi lililokwisha kutoa maua halitoi tena palepale mpaka likatwe lichipue. Sababu nyingine kubwa ni kivuli: chini ya saa sita za jua kwa siku, usitegemee maua mengi hata ukikata vipi.

Mwasumini huu, Jasminum sambac, asili yake ni Asia. Kuna wa ua jepesi, lenye safu moja ya petali, na kuna wa ua nene lililobanana kama waridi dogo. Kwa anayetaka kutunga vikuba, yaani vishada vya maua na majani ya kunukia vya kujipamba, ule mwepesi ndio wa kupanda: hukua upesi na huzaa mfululizo. Ule mnene hukua polepole, na maua yake yakizeeka hayadondoki. Hukauka yakiwa bado mtini, kwa hiyo huna budi kuyaondoa kwa mkono.

Mbegu usizitafute, kwani ni nadra mti huu kuzitoa. Omba kipande kwa jirani. Chagua tawi lisilo laini sana wala gumu kama ukuni, ulikate chini kidogo ya fundo (pale jani linapochipukia), urefu wa sentimita 12 hadi 15, liwe na mafundo matatu. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili juu, na yakiwa makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka mafundo mawili ndani ya mchanga wa mto uliochanganywa na mboji kidogo. Usitumie mchanga wa baharini, una chumvi. Weka kivulini, mchanga uwe na unyevu bila kulowa chepechepe, na baada ya wiki nne hadi sita mizizi huwa imeshika. Chomeka vitano ukitaka miti miwili, maana vingine huoza. Njia isiyo na hasara ni kulaza tawi refu chini likiwa bado mtini, kulikwaruza kwenye fundo, kulifukia na kuliwekea jiwe juu. Likishatoa mizizi, likate ulihamishe.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45. Hapa pwani ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu ardhi yetu nyingi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa hiyo toa vipande vyote vya mawe shimoni, rudishia udongo uliochanganywa na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, na usipande kando ya ukuta uliojengwa au kupakwa kwa chokaa. Jivu la jikoni lisiguse mti huu, kwani litazidisha tatizo lilelile. Manjano yakishaingia, nyunyizia majani mbolea ya chuma kwa kipimo cha pakiti, kisha endelea kuongeza mboji juu ya udongo. Yakiwa manjano majani ya chini, yale mazee, hapo ni njaa ya naitrojeni au maji yaliyotuama.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, na kwenye chungu utaona utando mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua uusafishe udongo kwa kumwagilia mpaka yachuruzike chini. Mti wa ardhini unatosheka na kumwagiliwa kwa kina mara mbili kwa wiki. Wa kwenye chungu, msimu wa kaskazi, huenda ukahitaji kila siku.

Sasa mkasi. Kata kubwa ifanywe mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Agosti, baridi ya kusi inapoanza kulegea. Punguza maji kwa wiki moja, kisha kata kichaka chote kibaki sentimita 45 kutoka ardhini, toa matawi makavu na yanayosuguana, weka samadi na umwagilie vizuri. Mti utaonekana umeharibika, usihofu, utachipua. Baada ya hapo, kila kundi la maua likiisha, kata ncha ile mafundo mawili chini ya maua makavu. Matumba mapya hutokea baada ya wiki kadhaa. Mbolea ya dukani, kama NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwa mwezi kinatosha. Urea usiweke: hulisha majani, si maua.

Chunguza chini ya majani kila wiki. Vidukari na vidung'ata hujikusanya kwenye ncha changa. Mafuta ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita moja ya maji na matone machache ya sabuni, yatawapunguza. Nyunyizia jioni, baada ya kuchuma. Matumba yenye tundu au yaliyogeuka zambarau kabla ya kufunguka huwa na kiwavi ndani. Yachume uyachome, usiyaache chini ya mti.

Uchumaji ni baada ya alasiri, tumba likiwa limejaa, jeupe kabisa, lakini bado limefumba. Lifunike kwa kitambaa kibichi. Ukilitunga na mrehani kwenye kikuba kabla ya magharibi, litafunguka usiku likiwa kifuani au nyweleni mwa mvaaji, na harufu itadumu mpaka asubuhi.